Mkoromo Wangu na Mashine ya Erasto

Jumatatu, 1 Septemba

Erasto amerudi. Na mashine.

Naandika nikiwa uani, hapa nyumbani Gungu, maana ndani mke wangu Melania hana wimbo mwingine. Eti Erasto amenawiri. Eti macho yake yamekuwa meupe. Nimemwambia macho ya Erasto yalikuwa meupe tangu zamani. Akasema hapana, yalikuwa mekundu kama yangu.

Niweke kumbukumbu sawasawa, maana nikifa watu watasema uongo. Mimi na Erasto ni manahodha wa boti moja, boti ya Mama Verediana, inayobeba abiria na mizigo kutoka Kibirizi hadi Mwamgongo. Leo zamu yake, kesho yangu. Miaka yote tumekuwa sawa. Halafu mwezi wa sita mwana wa Erasto akamchukua babake kumpeleka Dar kutibiwa. Kutibiwa nini? Kukoroma! Huko wakamwambia ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Koo linalegea, njia ya hewa inaziba, mtu analala bila pumzi mpaka mwili wenyewe unashtuka. Wakampa kimashine chenye bomba na kinyago cha puani. Usiku kinamsukumia hewa ili koo lisijifunge.

Leo Kibirizi watu waliacha kupakua mihogo wakaja kukitazama. Mama Verediana, ambaye tangu aniajiri hajawahi kuniuliza nimeamkaje, alimshika Erasto mkono akamuuliza amelalaje. Amelalaje! Na mama huyu anajenga boti mpya, kubwa, ya injini mbili na paa. Iko ufukweni inapakwa rangi. Itahitaji nahodha mkuu, na nahodha mkuu ni mmoja tu.

Mimi nimekoroma tangu nilipooa. Majirani wote mashahidi. Hakuna aliyewahi kuniletea hata uji.

Sina wivu. Naandika ukweli tu. Kesho nitaanza kupanga namna ya

Nimeendelea baadaye. Nilifumba macho kidogo kutafakari. Melania anasema nilikuwa nakoroma mpaka kuku wakahama. Nilikuwa natafakari, basi.


Jumatano, 3 Septemba

Sasa amepewa fulana!

Kuna madaktari wageni wamepiga kambi Mwandiga mpaka mwisho wa mwezi ujao, wanapima watu usingizi. Wamemwomba Erasto awe anawaelimisha wananchi. Wanamwita balozi. Balozi wa kulala! Fulana ya kijani, imeandikwa kifuani "Lala Ukipumua". Inamkaa vizuri pia, jambo ambalo sikulipenda.

Alisimama juu ya kreti la soda pale mwaloni, boti zinapotia nanga, akahutubia abiria wangu. Wangu, maana leo ilikuwa zamu yangu. Boti ilichelewa kuondoka kwa ajili yake na hakuna aliyelalamika. Mimi nikichelewa kwa sababu ya injini wananitukania mama.

Akataja dalili. Kukoroma kwa nguvu. Pumzi kukatika, kisha mtu anashtuka kama aliyekabwa. Kuamka na kichwa kizito na mdomo mkavu. Kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku. Kusinzia mchana, hata ukiongea na mtu. Hasira za bure. Shingo nene. Presha isiyosikia dawa. Akasema hata mwanamke mwembamba anaweza kuwa nao, na kwamba pombe ya jioni inauzidisha.

Nilisikiliza kwa dharau. Hayo yote ninayo! Ninayo na zaidi, na sijawahi kupanda juu ya kreti. Nilidhani ni tabia za mwanaume anayefanya kazi. Kumbe ni mali, na mwenzangu ameshaiuza.

Wanawake wa dagaa walimpigia makofi. Bibi mmoja wa Mwamgongo alimwambia "Ego, ndiyo, mwanangu, endelea," na akampa embe. Bibi huyohuyo hubishana nami nauli kila safari.

Nimeamua. Kama ugonjwa ndio unaompa mtu cheo hapa Kigoma, basi nami lazima niwe mgonjwa. Tena kumzidi.


Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda Mwandiga. Foleni ndefu. Nilikaa kwenye benchi kutafakari. Eti waliniita jina mpaka wakachoka, ikabidi mzee wa pembeni anitikise bega. Nilimwambia nilikuwa nasali.

Daktari ni Diana, mwenyeji wa Moshi, mpole, anaandika haraka. Akauliza kama nakoroma. Nikasema sana. Kichwa asubuhi? Sana. Mke ameshawahi kusema pumzi inakatika? Nikasema inakatika, inakatika tena, halafu inakatika zaidi. Alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Mambo yalikuwa yananinyookea.

Ndipo akauliza kazi yangu, na kama huwa nasinzia kazini.

Hapo nikaona mtego. Mama Verediana akisikia nahodha anasinzia, boti mpya nimeikosa. Nikasema kazini sijawahi kusinzia hata siku moja. Usiku mgonjwa mahututi, mchana mzima wa afya. Daktari akaandika, akasema sawa, kipimo kitatuonyesha.

Amenipa kifaa cha kulala nacho nyumbani. Mkanda wa kifuani, klipu ya kidoleni, na kamrija ka puani. Akasisitiza nilale kama ninavyolala siku zote, nisifanye jambo lolote la ziada.

Hapo ndipo ninapomzidi Erasto. Yeye angelala tu.


Ijumaa, 5 Septemba

Nimechoka! Lakini kazi imefanyika.

Hofu yangu ilikuwa moja: je, nikilala usingizi mwema, kimya, usiku mmoja huo tu? Ugonjwa wangu uaibike mbele ya ugonjwa wa Erasto? Siwezi kuacha jambo kubwa namna hiyo mikononi mwa usingizi. Kwa hiyo jana alasiri nilikwenda Ujiji, nikanywa kahawa chungu kwa yule muuza kahawa wa karibu na soko, kikombe juu ya kikombe, mpaka akaniuliza kama nina msiba. Kisha nikalala nacho kifaa nikiwa macho. Nikakoroma mwenyewe. Kwa mkono, tuseme. Nikavuta, nikashusha, nikakata pumzi kwa makusudi, nikashtuka kwa kishindo. Lilikuwa onyesho la hali ya juu.

Ajabu moja. Melania alilala fofofo. Hakunipiga kiwiko hata mara moja. Asubuhi ameamka anaimba, akasema usiku wa leo nimekoroma vizuri, pumzi yote ilikuwa inasikika, na yeye ana siku nyingi hajalala hivyo. Sikuelewa ananisifu au ananikejeli.

Nimepeleka kifaa Mwandiga. Daktari Diana ametazama kwenye kompyuta yake, akavua miwani. Akasema kifaa kimepima mtu ambaye hakulala kabisa. Mapigo ya moyo ya mtu aliye macho, tena kama aliyekunywa kitu. Akaniuliza kama kuna msiba. Hata yeye!

Nirudie Jumatatu. Usiku mzima nimekoroma bure.

Nikirudi nimempita Erasto anahojiwa na mwandishi wa redio. Sina wivu. Maikrofoni yenyewe ilikuwa ndogo.


Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa padri akamwita Erasto atoe ushuhuda. Kanisani! Akasimama na fulana yake chini ya koti, lakini koti hakulifunga.

Akasimulia alivyokuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Akasema siku moja alisinzia akishika usukani, katikati ya ziwa, na watoto wa shule wakiwa ndani ya boti. Akasema angekufa na watu wa wenzake. Melania alilia. Alilia kweli, kwa kitenge kizima. Mimi nilipoumwa ngiri hakulia hivyo.

Nje nikamwona Melania ameshikana mikono na Brigita, mke wa Erasto, wananong'ona wakinitazama. Nilipofika wakanyamaza. Nikajifanya nakagua mnara wa kengele.

Jioni Melania ameniletea shati la zamani ambalo ameshonea mfuko mgongoni, ndani ametia chikichi. Ukilalia mgongo zinakuchoma, unageuka ubavu, na ubavu unasaidia koo lisizibe. Nikauliza amelipata wapi wazo hilo. Akasema Erasto alianza hivyo kabla ya mashine.

Sivai chikichi za Erasto. Nimezichemsha nikazila.

Melania aliosha sufuria. Alizima taa akalala upande wake, na nilijua hajalala. Mwanamke huyu halali. Sijui anawaza nini.


Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa pili. Huu ulikuwa wa akili.

Jana nimechukua kifaa tena, lakini safari hii sikuthubutu kukiamini kichwa changu. Nikamtafuta Dismasi. Dismasi anashona nyavu pale mwaloni, na hakuna asiyejua mkoromo wake. Akilala kwenye mtumbwi, mbwa wanahamia mtumbwi mwingine. Nikawaza hivi: kama mimi nakoroma na ni mgonjwa, Dismasi anayenizidi si atakuwa maiti inayotembea? Kipimo chake kwa jina langu kingemfunika Erasto moja kwa moja.

Dismasi hakuuliza mengi. Alitaka ugali na migebuka wa kukaanga, wawili, na pilipili. Akala, akafungwa mkanda, akalala kwenye mkeka wake. Asubuhi nilipokwenda kukichukua kifaa nilimkuta bado ananguruma. Nikafurahi mpaka nikamfunika shuka.

Nimefika kwa daktari nikiwa nimejiandaa kupokea habari mbaya kwa ushujaa. Nilishavaa uso wa majonzi.

Daktari Diana akanipa mkono wa pongezi!

Akasema nakoroma, ndiyo, tena sana, lakini njia ya hewa haizibi na hewa kwenye damu haikushuka usiku kucha. Akasema si kila anayekoroma ana ugonjwa huu. Moyo wangu, kasema, ni wa kijana. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwomba atazame vizuri. Nikamwambia mimi ni mgonjwa, naujua mwili wangu. Akacheka, akasema ni mara yake ya kwanza kuona mtu anayebembeleza ugonjwa. Hata hivyo alikunja uso kidogo akitazama shingo yangu na macho yangu, akasema nikiendelea kuchoka mchana nisikae kimya, nirudi.

Dismasi! Mnafiki mkubwa. Kelele zote zile, na ndani mzima!


Alhamisi, 11 Septemba

Nani alisema mimi sina bahati?

Mama Verediana amesikia. Mji huu hauna siri. Ameniita chini ya boti mpya, akaniambia amefurahi nimepimwa na kukutwa mzima. Akasema Erasto ni mtu mwema, lakini ana ugonjwa na mashine, na umeme wenyewe ndio huu tunaoujua. Kwa hiyo siku ya kushusha boti majini, usukani nitashika mimi. Na baada ya hapo itakuwa yangu.

Nahodha mkuu! Mimi, Kasiani!

Nimebadilisha msimamo. Ugonjwa haufai. Afya ndiyo kila kitu. Leo nimepita mwalo mzima nikiwaambia watu moyo wangu ni wa kijana.

Erasto amekuja kunipongeza. Hapo ndipo ameniharibia siku. Akaniambia kwa upole, pembeni, kwamba amekuwa akiniona ninavyosinzia kwenye zamu zangu, na anaogopa. Akasema vipimo vinaweza kukosea, nirudie. Akasema nikitaka atanisindikiza yeye mwenyewe.

Nilimwambia akaisindikize mashine yake. Ananionea wivu, ni wazi. Mtu akizoea kupigiwa makofi hawezi kuvumilia mwenzake apande.

Ila ile fulana bado anayo yeye. Nimeuliza kambini kama kuna fulana za watu wazima wa afya. Hakuna.


Jumatano, 17 Septemba

Mgongo unaniuma. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi ilikuwa nzuri kabisa. Watu walijaa ufukweni. Padri akaomba, shehe akaomba dua, wanaume wakashika kamba, wanawake wakashika wimbo, na mimi nimekaa nyuma kwenye usukani peke yangu nikivutwa kama bwana harusi. Ndivyo tunavyofanya huku: nahodha hagusi maji, anashushwa ameketi. Erasto alikuwa anavuta kamba. Niliangalia kila alipotoa jasho.

Boti ikaelea. Wakapanda Mama Verediana, jamaa zake, wazee, Melania, Erasto na wengine tele. Tukazunguka ghuba. Kisha ikaliwa pilau humohumo. Nilikula sahani yangu na ya mgeni ambaye hakutokea. Jua kali. Ziwa limetulia. Injini mbili mpya zinaunguruma taratibu, sauti moja, sauti tamu. Nikafumba macho kidogo kutafakari ukubwa wangu.

Kilichofuata ni kelele.

Nilipofumbua macho, Erasto alikuwa amenilalia mapajani, ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anausukuma kwa nguvu zake zote. Ubavuni mwetu, karibu kabisa, nikaona mtumbwi. Mama na wanawe watatu. Niliwaona nyuso. Yule mdogo alikuwa amejifunika macho kwa viganja. Tuliwapita kwa kiasi cha kafi. Boti ikageuka, ikapanda ufukweni, ikapita juu ya dagaa waliotandazwa kukaushwa, ikapita chanja ya kwanza, ikavunja ya pili, ikasimama.

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu, na ninaandika hili bila mzaha.

Mama Verediana alitupwa nje akakaa katikati ya dagaa. Walimganda mpaka kwenye kilemba. Wanawake wa dagaa wakaja na mafagio wakipiga kelele "Oya! Oya!" na mimi ndiye waliyekuwa wananitafuta. Nilipigwa ufagio wa mgongo, na mkono ulioushika ni wa yule bibi wa Mwamgongo.

Erasto aliachia usukani akashuka. Alikaa mchangani anahema, fulana yake ya kijani imejaa magamba. Halafu watu wote, jamani wote, wakampigia makofi.


Alhamisi, 18 Septemba

Kikao, nyumbani kwa Mama Verediana. Nilijitetea kwamba injini zilivuta upande mmoja. Nikasema jua. Nikasema pilau. Nikatoa jambo kubwa: nimepimwa, nimekutwa mzima, daktari anajua.

Ndipo Dismasi, ambaye hakuna aliyemwita, akaingia akiuliza kama na yeye apewe pongezi, maana kifaa kilifungwa kwake. Kumbe alikuja kudai migebuka wengine.

Watu wote wakanigeukia.

Melania akasimama. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Hakunitukana. Alisema yeye halali usiku. Anaweka kiganja kifuani kwangu anasikiliza. Mkoromo ukikatika, anasubiri. Usiporudi, ananipiga kiwiko mpaka nivute pumzi. Kila usiku, miaka yote hii. Alisema anaogopa akisinzia ataamka mjane. Ule usiku mmoja nilipokoroma bila kukatika ndio pekee aliolala. Akasema, "Nimekuwa mashine yako, Kasiani, na mimi sina umeme. Nimechoka."

Mama Verediana alijifuta macho. Erasto alitazama chini. Mimi nilijishika mbavu, pale viwiko vinapotua. Nilitaka kumwambia kitu mke wangu. Viwiko vile! Miaka yote nilidhani ni hasira.

Kisha nikamwona Brigita anamkumbatia, na Erasto anampa kitambaa chake, na nikajiuliza kwa nini kitambaa cha Erasto ni kisafi hivyo.

Usukani nimenyang'anywa. Kesho Melania ananipeleka Mwandiga mwenyewe, na usiku atakaa kwenye kigoda kulinda kifaa. Hakuna kahawa. Hakuna Dismasi.


Jumatatu, 22 Septemba

USHINDI!

Majibu yametoka. Daktari Diana alitugeuzia kompyuta mimi na Melania, uso wake hauna kicheko hata kidogo. Akaeleza kwamba wanahesabu pumzi inakatika mara ngapi kwa saa moja. Chini ya mara tano si neno. Thelathini kwenda juu ni hali mbaya. Yangu ni sitini na mbili.

Nikauliza ya Erasto ilikuwa ngapi. Akasema siri ya mgonjwa hatoi. Lakini Erasto mwenyewe alishaitangaza kanisani. Arobaini na nane!

Sitini na mbili! Nilisimama. Nilimpa daktari mkono. Daktari alikuwa anaendelea kusema kwamba moyo wangu unafanya kazi ya punda usiku kucha, kwamba presha yangu inatokana na hayo, kwamba ningeweza kupatwa na kiharusi, kwamba nipunguze unene na bia ya jioni, na kwamba sikutakiwa kugusa usukani hata wa baiskeli. Nilimwomba aniandikie ile namba kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Melania alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja.

Wamenikopesha mashine ya kambi. Sharti la Mama Verediana ni hili: mashine yenyewe huwa inatunza saa ilizovaliwa. Nikiivaa kila usiku kwa mwezi mzima, na daktari akiridhika kwamba sisinzii tena, nitarudishiwa zamu kwenye boti ya zamani. Boti mpya ni ya Erasto.

Sawa. Ana boti. Lakini nani ana sitini na mbili?


Alhamisi, 25 Septemba

Nimevaa kile kitu usiku wa tatu sasa.

Lazima niwe mkweli, humu hakuna anayenisoma. Usiku wa kwanza niliivua, nilijiona kama tembo. Wa pili nikavumilia. Leo nimeamka na sikujua niko wapi. Kichwa chepesi. Mdomo umelowa. Nimetoka nje nikaliona ziwa kule chini, na milima ya Kongo ng'ambo, kila kitu kimeoshwa. Nimekunywa chai yote bila kutafakari hata mara moja. Melania nilimwacha amelala mpaka jua likaingia dirishani. Alipoamka aliimba. Akanipikia maandazi. Akanishika shavu, jambo ambalo hajalifanya tangu mtoto wetu wa kwanza aote meno.

Tukaenda Mwandiga kuonyesha mashine. Daktari Diana akaisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya Dismasi. Usiku wa jana pumzi imekatika mara mbili tu kwa saa. Mbili!

Erasto alikuwepo na fulana yake. Akanikumbatia mbele ya foleni nzima. Akasema kwa furaha: na yeye ni mbili. Sasa sisi ni sawa, ndugu yangu, sawa kabisa!

Watu wakapiga makofi.

Sawa na Erasto.

Nimerudi nyumbani. Katika maisha yangu nimemzidi mtu yule kitu kimoja tu, kimoja, kimethibitishwa na daktari, na mashine imekuja kukifuta kwa siku tatu. Sitini na mbili yangu! Tena kwa mikono yangu mwenyewe, nimejivalisha!

Haikubaliki. Lakini nisipoivaa sirudishiwi zamu. Nimeumiza kichwa tangu adhuhuri, na kwa kuwa kichwa leo ni chepesi, jibu limekuja haraka. Mashine inatunza saa ilizovaliwa. Haijui pua ni ya nani.

Nimeshaongea na Dismasi. Mashine italala kwake. Amekubali kwa migebuka watatu. Saa zitatimia, daktari ataona hesabu nzuri, maana Dismasi ni mzima, tumeshampima. Mimi nitapata usukani wangu na namba yangu itabaki pale pale ilipo, juu ya Erasto. Melania nimemwambia mashine inakwenda kusafishwa. Ameniuliza inarudi lini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, alale tu. Amekaa kitandani, ameweka tayari kiganja chake.

Safari hii hakuna pa kukosea. Nafumba macho kidogo tu, nitafakari.